Akademi za mtaani ama skuli ya gavamenti? Nimesoma tafiti zenyewe, njooni tubishane

Mtongwe_Asilia:
Asalaam aleikum wanabaraza, na wengine pia habari zenu. Kila ikikaribia Januari huku kwetu ni mzozo ule ule, mtoto aende akademi ya kulipia ama gavamenti, na jibu la mtu hutegemea jirani yake kapeleka wapi. Mimi nna kijana yuaingia Gredi 1, mamake ashaweka msimamo ni akademi ile karibu na steji, fii si kubwa, na mimi nikasema sawa lakini kabla sijaanza kutoa pesa kila mwezi miaka sita wacha nione waliochunguza haya mambo wasemaje. Nimekaa na bando langu nimesoma. Ni marefu, tafuteni chai na mahamri.

Kwanza, hizi akademi za watu wa chini si jambo la Mombasa wala Kenya peke yake. Kuna profesa Mwingereza, James Tooley, mwaka 2000 alikuwa Hyderabad kule India kwa kazi ya kuchunguza skuli za matajiri, siku ya mapumziko akajitia kwenye vichochoro vya mtaa wa maskini nyuma ya Charminar, ule mnara wao maarufu, akakuta skuli za kulipia zimejaa, za wenyeji, hazina mfadhili wala nini. Tangu hapo akawa hana kazi nyingine, akaenda Ghana, Nigeria, na hapa kwetu. Kibera yeye na wenzake walihesabu skuli 76 za kulipia zenye watoto 12,132. Na hii ni baada ya elimu kuwa bure!

Hapo kwa bure ndipo nlipokaa sana. 2003 Kibaki kafuta fii za praimari, mwajua wenyewe vile watoto walimiminika, na kila mtu alidhani hizi akademi zitakufa. Wachumi wanne, Tessa Bold, Mwangi Kimenyi, Germano Mwabu na Justin Sandefur, wakachukua takwimu za nyumba kwa nyumba wakaangalia kilichotokea, kumbe watoto wa nyumba maskini kweli waliingia skuli zaidi, ila kwa jumla idadi ya gavamenti ilisimama palepale manake wenye kauwezo kidogo walikuwa wakitoka na kwenda za kulipia, na huko idadi ikapanda na fii nayo ikapanda. Yaani bure ilileta watoto ndani na ikatenganisha maskini na wasio maskini sana, vyote kwa mpigo mmoja.

Sasa swali lenyewe. Akademi ni bora ama ni watoto wake ndio tofauti? Ukilinganisha alama tu, akademi yashinda karibu kila mahali. Lakini mzazi anayejinyima kulipa fii ndiye huyo huyo anayeuliza homuweki jioni, sasa utajuaje ni skuli ama ni nyumbani? Njia safi ni kupiga kura, wazazi wote waombe, bahati iamue nani alipiwe, halafu ulinganishe walioshinda na waliokosa.

India wamefanya hivyo, jimbo la Andhra Pradesh, kuanzia 2008, Karthik Muralidharan na Venkatesh Sundararaman. Baada ya miaka minne waliolipiwa akademi na waliobaki gavamenti walikuwa sawa kwa hesabu na sawa kwa Kitelugu, lugha yao ya nyumbani. Sawa kabisa. Mtu atasema basi ni wizi mtupu, ngoja. Akademi zilifika hapo kwa gharama isiyofika theluthi moja ya ile ya gavamenti kwa kila mtoto, na kwa vipindi vichache vya hesabu na Kitelugu, muda uliobaki wakafundisha vitu vingine na kwa Kihindi watoto wao wakawa mbele sana. Kwa hivyo zilifanya kazi ile ile kwa pesa ndogo, ila mzazi aliyedhani mwanawe atatoka na akili mpya ya hesabu hakuipata.

Mimi naona tunachonunua pale ni mwalimu aliyeko darasani. India hiyo hiyo watafiti walizuru skuli za gavamenti bila taarifa, mwalimu 1 kati ya 4 hayupo, na waliokutwa wanafundisha ni kama nusu tu. Hilo ndilo mzazi analiona kwa macho yake, hayo mengine ni rangi ya yunifomu.

Haya, nichapeni.

PengoLaMbele:
Nimesoma mpaka kwa mahamri nikaenda kutafuta mahamri. Nimerudi.

MamaMapacha:
Kaka Mtongwe mashallah umetuandikia khutba ya Ijumaa. Lakini nina neno na hiyo "bure". Bure gani? Mimi wangu wawili walianza gavamenti, sitaji skuli, kuna pesa ya mtihani, pesa ya mlinzi, pesa ya mwalimu wa BOM, yule anayeajiriwa na bodi ya skuli, pesa ya lanchi, halafu asubuhi mtoto arudishwa kwa sababu hana karatasi za kuprintia. Nikipiga hesabu kwa mwezi nakuta ni karibu na akademi ndogo, tofauti ni kwamba akademi waniambia fii yote siku ya kwanza na kule gavamenti inakuja kidogo kidogo ukidhani imeisha yaja nyengine. Darasani walikuwa wamejaa mpaka wengine wakaa chini. Nikawatoa. Sijasoma risachi yoyote, nilitoa kwa sababu mmoja alikaa muhula mzima na daftari lake halijatiwa tiki hata moja.

KaziNiKazi:
Mimi ni mwalimu wa TSC, yaani tume ya serikali ya kuajiri walimu, na nimechoka kutukanwa kwenye nyuzi kama hizi. Dada hapo juu, serikali yatoa shilingi 1,420 kwa kila mtoto wa praimari kwa MWAKA. Gawanya kwa siku za masomo, ni kama shilingi 7. Kwa hizo 7 nunua chaki, lipa stima, lipa maji, tengeneza choo, nunua karatasi. Na zenyewe hazifiki kwa wakati, hedi aenda kukopa kwa duka. Ndio zile pesa za mlinzi unaziona, hakuna aliyekula. Darasa langu lina watoto zaidi ya 70, wapo wanaokuja na njaa, wapo wa mahitaji maalum, na sina ruhusa ya kumfukuza hata mmoja wala sitaki. Akademi yenu mtoto mzito wamwambia mamake "tafuta skuli itakayomfaa", atafutaye aja kwangu. Halafu mwisho wa mwaka mwalinganisha alama!!

Na huo utafiti wa India hebu urudie vizuri, umesema mwenyewe walipopiga kura tofauti ikayeyuka. Basi mbona wahitimisha kwa kusema mwalimu wa gavamenti hayupo?

Mtongwe_Asilia:
Mwalimu heshima yako. Sijasema wewe huko. Nasema hivi, wale wa akademi walikuwa na walimu wasiosomea kazi kama nyinyi, mshahara wao ni tone tu la ule wa serikali, na bado wakafika mahali pamoja na nyinyi. Kama walimu waliosomea, wenye mshahara wa kueleweka, wangeingia darasani kila kipindi, akademi wangewafikia wapi? Hiyo ndio hoja yangu na naona yakutetea zaidi kuliko kukuangusha.

La kufukuza wazito lina ukweli, na ndio maana nasisitiza kura, kwenye kura mzito na mwepesi wote wameingia. Na wale jamaa wa India waliangalia pia watoto ambao hawakuhama na wale waliokuwa akademi tangu mwanzo, wakakuta wageni hawakuwashusha wala kuwapandisha.

TichaWaMabati:
Tone la mshahara ndio mimi hapa, karibuni.

Nafundisha akademi, sisemi mtaa gani manake mwenye skuli naye yumo mitandaoni. Kuta ni mabati, joto la saa nane mchana wale wa Gredi 2 wanalala na mimi pia natamani. Kwa mwezi nalipwa pesa ambayo mwendesha tuktuk mzuri aipata kwa wiki, na hulipwa fii zikiingia, zisipoingia tunaambiwa "wazazi hawajalipa, vumilieni". Agosti na Disemba hakuna kitu. Corona ilipofunga skuli Machi 2020 mpaka Januari iliyofuata mwenzenu nilikuwa nauza viazi karai kwa barabara, wenzangu wa TSC mishahara ilikuwa inaingia na wanapata raha ya kusema "stay home". Skuli ya jirani yetu haikufunguliwa tena, ni gereji saa hizi.

Lakini darasani nipo. Si kwa uzalendo, nipo kwa sababu nisipokuweko saa mbili na dakika tano mwenye skuli ashapiga simu, na watoto wangu ni 28 mzazi yeyote aweza kunishika njiani akaniuliza. Kwa hivyo Mtongwe yuko sawa kwa hilo. Asichojua ni kwamba mimi nikipata namba ya TSC hata kesho naondoka katikati ya muhula, na waliokuweko kabla yangu walifanya hivyo hivyo. Mtoto wa Gredi 4 kwetu ashabadilisha walimu mpaka majina amesahau.

PengoLaMbele:
Halafu mtoto mwenyewe ukimuuliza jina akwambia "mai nemu izi" kwa madaha yote, ukimpa gazeti la Kiswahili asome yuakutizama kama umemtukana.

MamaMapacha:
Pengo wacha ubaya, wangu wasoma vyote viwili 😂

Mtongwe_Asilia:
Ticha umenikumbusha utafiti mmoja wa Pakistan uliniacha mdomo wazi. Tahir Andrabi, Jishnu Das na Asim Khwaja, wamefuatilia vijiji vya Punjab tangu 2003. Walijiuliza hizi skuli za kulipia huchipuka wapi? Wakakuta kijiji kilichowahi kuwa na sekondari ya wasichana ya gavamenti kina uwezekano mara tatu zaidi wa kuwa na akademi. Sababu ni wale wasichana waliosoma, wakishakua hawana kazi ya kwenda mjini na nyumbani hawaruhusiwi kusafiri mbali, basi wanafundisha hapo hapo kwa pesa kidogo. Yaani gavamenti ndiyo mama wa akademi. Angalieni huku kwetu akademi nyingi nani anafundisha, si binti aliyemaliza Fomu Foo na anangoja ndoa ama chuo ama visa ya Saudia?

Kwa hivyo ule unafuu wa fii tunaojisifia kuna mtu anaubeba mgongoni, na mtu huyo ni Ticha.

Shemeji_Mikindani:
Wazee mnazungumza India na Pakistan na hapa Kenya kuna kubwa kuliko zote. Bridge, kampuni ya skuli za kulipia. Ile ya kuta za kijani, ilianza Mukuru kwa Njenga 2009 ikaenea nchi nzima mpaka huku Pwani. Mwalimu apewa tableti, somo limeandikwa lote neno kwa neno kutoka makao makuu, yeye ni kusoma na kufuata. Sasa kuna kina Michael Kremer, yule aliyepata Nobel ya uchumi 2019, yeye na wenzake wakatumia udhamini uliogawiwa kwa kura, waombaji zaidi ya elfu kumi. Baada ya miaka miwili waliopata wakawa mbele ya waliokosa kwa karibu mwaka mzima wa masomo kwa wa praimari, na kwa wale wadogo wa nasari karibu mwaka mmoja na nusu. Ripoti yao ilitoka 2022. Na hao waliokosa wengi walikuwa wamekwenda skuli nyingine, si kwamba walikaa nyumbani.

Sasa Mtongwe hapo "akademi haiongezi akili ya hesabu" wasemaje?

KaziNiKazi:
Bridge hiyo hiyo ambayo Uganda mahakama ilikubali ifungwe 2016? Ambayo IFC, tawi la uwekezaji la Benki ya Dunia lililotia pesa huko, ilijiondoa 2022 baada ya malalamiko hapa Kenya ya usalama wa watoto na haki za wafanyakazi? Usitaje nusu ya habari shemeji.

Shemeji_Mikindani:
Naitaja yote sasa. Alama zilipanda na malalamiko yalikuweko, yote mawili ni kweli. Mimi sina hisa huko.

TichaWaMabati:
Kusoma kwenye tableti neno kwa neno... mwanzoni mtu ataona ni dharau. Lakini nakumbuka mwaka wangu wa kwanza, sijasomea ualimu, nimepewa darasa na kitabu kimoja nikaambiwa "haya ingia". Wallahi ningepewa hiyo tableti ningeibusu. Saa hizi nishajua kazi ningeitupa baharini.

Mtongwe_Asilia:
Shemeji, hilo la Bridge halinipingi, lanipa nguvu. Angalia tofauti. India ilikuwa ni akademi za kawaida, kila mwenye skuli na mtindo wake, huku Bridge ni kampuni moja, somo moja, na msimamizi anayejua mwalimu kafika ukurasa gani. Yote ni "praiveti". Kwa hivyo neno praiveti lenyewe halikwambii kitu kuhusu mwanao atajua nini.

Na kuna jingine la hapa hapa. Walijaribu walimu wa mkataba kwenye skuli za gavamenti za Kenya, mkataba mmoja, mshahara mmoja, tofauti ni kwamba upande mmoja walisimamiwa na shirika lisilo la serikali na upande mwingine na wizara. Wa shirika watoto wakapanda. Wa wizara, sifuri. Ni wale wale kina Bold na Sandefur. Kwa hivyo mwenye mali si hoja kubwa, hoja ni nani anafuatilia.

BintiKongowea:
Nawasoma tangu asubuhi nasubiri mtu aulize la watoto ambao kwao hata hiyo fii ndogo ya kila mwezi haipo, naona kila mtu yuazungumza kama kila mzazi ana uchaguzi. Waingereza kupitia shirika lao la misaada walilipia mapitio ya tafiti zote mwaka 2014, na majibu yalikuwa hivi, kuna ushahidi wa wastani kwamba watoto wa praiveti hujifunza zaidi na mafunzo ni bora, LAKINI kwamba hizi skuli zinawafikia maskini wa chini kabisa ushahidi ni dhaifu na wenye kugongana. Na waliotumia takwimu za Uwezo, ule upimaji wa watoto nyumba kwa nyumba, za Kenya, Uganda na Tanzania wakaona hata ukimpeleka mtoto maskini praiveti pengo lake na mtoto wa tajiri haliishi.

Kwa nyumba yenye watoto wanne hapa Kongowea najua vile hufanyika. Mmoja apelekwa akademi, yule "mwerevu", mara nyingi kijana. Watatu gavamenti. Hiyo haiandikwi kwenye fii.

Na kitu kingine, mbona hakuna anayetaja cha kwetu? Madrasa za nasari, zile zilizoanzishwa hapa hapa Mombasa miaka ya 80 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, wazazi wa Pwani wenyewe ndio walioomba watoto wao wapate dini na elimu ya kuingia Klasi Wani pamoja. Ikaenda Zanzibar na Uganda. Peter Mwaura na wenzake kina Kathy Sylva wakapima, watoto wa hizo nasari walipanda kuliko wa nasari nyengine na kuliko waliokaa nyumbani. Mwalimu ni dada wa mtaa aliyefundishwa na akaendelea kutembelewa, kamati ni ya wazazi, fii ni kidogo. Si gavamenti wala si biashara ya mtu. Tumelikalia tunashangaa Hyderabad.

MamaMapacha:
👏👏 Mamangu mkubwa alifundisha mojawapo. Walikuwa wanatengeneza vidude vya kuchezea kwa vifuu na vizibo vya soda, sisi twacheka, kumbe ndio mtaala.

Mtongwe_Asilia:
Binti hapo umenikamata kweli, nasari nilizipita mbio nikaenda moja kwa moja praimari. Na la maskini wa chini sina cha kukujibu zaidi ya hivyo walivyosema.

Namalizia na moja tu nlilolipenda kuliko yote. Wale wa Pakistan walichukua vijiji 112, nusu yake wakampa kila mzazi karatasi, alama za mwanawe, na wastani wa kila skuli ya kijiji, ya gavamenti na ya kulipia. Hawakujenga kitu, hawakuleta mwalimu. Alama zikapanda, fii za akademi zikashuka asilimia 17, na watoto walioandikishwa wakaongezeka. Akademi zilizokuwa zikitoza pesa ya jina zilishtuka. Sisi huku twachagua kwa basi la manjano na sherehe ya gredueshen ya PP2, darasa la mwisho la nasari.

KaziNiKazi:
Hilo nakubali, na gavamenti pia ipimwe, sisi hatuogopi. Ila karatasi ya hivyo ikija Mombasa ioneshe pia idadi ya watoto kwa mwalimu. Alama peke yake ni kuninyonga.

MamaMapacha:
Sasa karatasi ya Pakistan haiko hapa na skuli zafungua karibuni. Mtu wa kawaida kama mimi aangalie nini? Mwalimu KaziNiKazi wewe unayejua ndani sema ukweli wako.

KaziNiKazi:
Usiende siku ya mzazi, siku hiyo hata choo chapakwa rangi. Nenda katikati ya wiki, baada ya lanchi, bila kupiga simu. Pita madirishani uhesabu madarasa yenye mwalimu. Omba daftari la mtoto yeyote wa Gredi 3, achana na ripoti fomu, angalia kazi ya mwisho kusahihishwa ni ya lini. Mpe mtoto asome kipande cha hadithi kwa Kiswahili kwanza halafu Kiingereza. Fanya hivyo akademi na fanya hivyo kwangu.

TichaWaMabati:
Na muulize mwalimu, si mwenye skuli, mshahara wa mwisho aliupata lini. Akicheka ujue.

PengoLaMbele:
Mimi nikipita madirishani baada ya lanchi nitashikwa na mlinzi. Yule yule niliyemlipia.

Mtongwe_Asilia:
😂 Jumatano naenda zote mbili, akademi ya steji na ile ya gavamenti nyuma ya msikiti, hilo la mshahara lanitia aibu kuuliza lakini nitauliza. Nitaleta majibu hapa bila kutaja majina. Mamake mtoto ashaanza kuuliza mbona pesa ya admishen haijatoka.